WEMBE, BRASHI NA POVU: Historia ya Kifaa Kilichoingia Kila Nyumba



Ndugu msomaji, usiku wa kuamkia Idd vinyozi wa mitaani kwetu hawalali. Foleni hutoka hadi nje, watoto wanasinzia kwenye viti, na kila mtu anataka asubuhi imkute msafi. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kujiuliza ule wembe mwembamba, wa bei ya peremende, umetoka wapi? Na ile brashi ya kupakia povu imetengenezwa kwa nywele za mnyama gani? Maswali haya yanaonekana madogo, ila majibu yake yanagusa afya yetu, mifuko yetu na tohara yetu.

Kabla hatujaenda mbali, tuweke jambo moja wazi. Suala la kunyoa au kufuga ndevu lina hukmu zake, na masheikh wetu wapo, waulizwe. Makala haya ni historia ya kifaa. Na wembe, kama tujuavyo, una kazi nyingi katika maisha ya Muislamu: mtoto hunyolewa siku ya saba, mwenye kuhiji hunyoa kichwa akimaliza ibada yake, na usafi wa mwili ni katika mambo ya fitra, ambao tumewekewa mpaka wa siku arubaini tusiupitishe. Na kwa wale wanaouliza kila Ramadhani: la, kunyoa mchana hakufunguzi saumu, hata ukijikata ukatoka damu kidogo.

KINYOZI NA WEMBE WA KUKUNJA

Kwa karne nyingi hapakuwa na wembe mwingine ila ule wa kinyozi: ubao mrefu wa chuma, unaokunjwa ndani ya mpini wake. Ulihitaji kunolewa kwenye kinoo, kisha kupigwapigwa kwenye ukanda wa ngozi kila unapotumiwa. Ulihitaji pia mkono wa mtu aliyesomea kazi. Mtu akiteleza nao, amejichinja.

Ndiyo maana kinyozi alikuwa mtu muhimu, na katika miji ya Kiislamu alikuwa chini ya uangalizi. Katika karne ya 12 huko Sham, mwanachuoni Al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, yaani yule ofisa wa kusimamia masoko na kazi za watu. Humo hakumsahau kinyozi wa hamamu. Alitaka awe mwepesi wa mkono na wembe wake uwe mkali. Tena asile vitunguu, thomu na vitu vinavyofanya mdomo unuke, asije akamuudhi mteja anayemwinamia. Miaka zaidi ya 800 imepita, na ukweli ni kwamba wako vinyozi wa leo wangefaa kusomewa ukurasa huo!

Hatari ya wembe haikuwa kukatwa shingo peke yake. Hata jeraha dogo liliweza kuua. Januari 1842, huko Massachusetts nchini Marekani, kijana aitwaye John Thoreau, kaka yake mwandishi Henry David Thoreau, alijikata kidole alipokuwa akinoa wembe wake. Kidonda kilikuwa kidogo tu. Siku chache baadaye alishikwa na pepopunda, taya zikakaza, akafa. Zama hizo hapakuwa na chanjo wala dawa.

Tukirudi kwetu, wazee walikuwa na elimu yao. Methali yasema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Sisi tunaitumia kuonyana, lakini ndani yake mna ufundi. Nywele ikilowa maji hufura na kulainika, ikawa rahisi kukatika. Ukinyoa kavu, wembe hukwaruza ngozi na makali huisha upesi. Na ndiyo sababu mtu aliyeonewa twasema "amenyolewa bila maji." Mswahili alijua uchungu wake!

WAZO KUTOKA KWA RANDA YA SEREMALA

Karibu mwaka 1770, mfua visu wa Paris aitwaye Jean-Jacques Perret alitoa kitabu cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe. Perret aliitazama randa ya seremala. Ule ubapa wa randa umejificha ndani ya mti, na ncha yake tu ndiyo inayotokeza, kwa hivyo hauwezi kuzama kwenye ubao zaidi ya kiasi. Kwa nini wembe nao usifanywe hivyo? Akauvisha wembe wake kinga ya mti.

Mwaka 1847, Muingereza William Samuel Henson alileta wazo la pili. Badala ya mpini kuungana na wembe kwa urefu kama kisu, yeye aliuweka mpini ukingamane na wembe, kama jembe. Huyu Henson ndiye yule aliyechora mipango ya ndege ya kuendeshwa kwa mvuke, miaka mingi kabla ya binadamu kuruka. Ndege yake haikufaulu, lakini umbo la jembe ndilo lililo mikononi mwa watu hadi leo.

Kisha mwaka 1880, ndugu watatu wa ukoo wa Kampfe huko New York wakatengeneza wembe uitwao Star, wenye kinga mbele ya makali. Watu wakaanza kuuita wembe wa usalama. Tatizo likabaki moja: wembe wenyewe ulikuwa kipande kinene cha chuma, na bado ulitaka kunolewa kila mara.

MTU WA VIZIBO VYA SODA

Hapa ndipo anapoingia King Camp Gillette, aliyezaliwa mwaka 1855 katika jimbo la Wisconsin. Alikuwa mchuuzi wa kampuni ya vizibo, vile vile vya bati vyenye meno ambavyo twavifungua kila siku kwenye chupa za soda. Mwenye kuvumbua vizibo hivyo, William Painter, alimpa nasaha: vumbua kitu ambacho watu watakitumia mara moja na kukitupa, ili warudi kununua tena.

Mwaka 1895, Gillette akijinyoa, aliona kwamba makali ndiyo yanayofanya kazi, na chuma kingine chote nyuma yake ni mzigo. Akawaza karatasi ya chuma, nyembamba, yenye makali pande mbili, ya kubanwa ndani ya kishikio. Ikiisha makali, itupwe.

Mafundi wa chuma walimwambia haiwezekani. Chuma chembamba namna ile ukikipasha moto ili kiwe kigumu, hujikunja na kupasuka. Ilipita miaka kadhaa mpaka akampata mhandisi William Nickerson, ambaye alibuni mashine za kukipasha na kukinoa bila kukiharibu. Kampuni ikaanzishwa mwaka 1901. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa kuuza, waliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Wengine wangekata tamaa. Mwaka uliofuata, vishikio vilivyouzwa vikafika 90,884. Novemba 1904 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake.

Kuna hadithi inayorudiwa sana na walimu wa biashara, kwamba Gillette aligawa vishikio kwa bei ya bure ili apate faida kwenye nyembe. Ukweli ni tofauti. Wembe wa kwanza uliuzwa dola 5, ambazo zilikuwa kama thuluthi ya mshahara wa wiki wa mfanyakazi wa Marekani. Bei hiyo ilikaa kwa miaka yote ya hataza. Ni mwaka 1921, hataza ilipokaribia kwisha na washindani kusogea mlangoni, ndipo kampuni ilipoanza kuuza kishikio cha mtindo wa zamani kwa dola 1. Basi tusikubali kila kisa tunachosimuliwa kwa sababu tu kinapendeza.

Na la kushangaza zaidi: mtu huyu aliyepata utajiri kwa kitu cha kutupwa alikuwa ameandika kitabu mwaka 1894 akipinga ushindani wa kibiashara, na kutaka watu wengi wakae katika mji mmoja mkubwa karibu na maporomoko ya Niagara! Picha yake ilichapishwa kwenye karatasi za nyembe zake, ikazunguka dunia nzima. Lakini mali yake nyingi ilipukutika baada ya soko la hisa kuanguka mwaka 1929, na mwaka 1932 akafariki huko Los Angeles. Dunia ni mapito.

VITA VIKAENEZA WEMBE

Kitu kilichofanya wembe wa usalama uwe wa kila mtu ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Gesi ya sumu ilipoanza kutumiwa, askari walivishwa barakoa. Barakoa haikazi vizuri juu ya ndevu nyingi, na gesi hupenya. Kule mahandakini hakuna kinyozi wala nafasi ya kunoa wembe wa kukunja.

Jeshi la Uingereza nalo lilikuwa na kanuni ya ajabu: askari hakuruhusiwa kunyoa sharubu zake. Kanuni hiyo ilifutwa Oktoba 1916 kwa amri iliyotiwa saini na Jenerali Nevil Macready. Wamarekani walipoingia vitani, serikali yao iliagiza mwaka 1918 vishikio milioni 3.5 na zaidi ya nyembe milioni 30 kwa ajili ya askari. Vita vilipokwisha, kila mmoja alirudi kwao na wembe wake mfukoni na mazoea ya kujinyoa mwenyewe kila asubuhi. Kile alichokuwa akienda kukifuata kwa kinyozi sasa akawa akikifanya nyumbani kwake.

Nyembe zikajaa majumbani hadi ikawa taabu kuzitupa. Huko Marekani nyumba nyingi zilijengwa na kabati ya dawa bafuni yenye upenyo mdogo nyuma yake. Wembe uliokwisha ulisukumwa humo, ukaangukia ndani ya ukuta, basi! Hadi leo mafundi wakibomoa kuta za nyumba hizo hukuta rundo la nyembe zenye kutu. Tabia ya kusukumia taka mahali tusipopaona haikuanza na sisi.

KIMETA KATIKA BRASHI

Sasa tuje kwenye brashi, na hapa naomba ndugu msomaji usikilize vizuri.

Kazi ya brashi ni kupiga povu la sabuni, kuinua nywele na kuufikisha unyevu hadi kwenye ngozi. Brashi nzuri za Ulaya zilitengenezwa kwa nywele za badger, mnyama wa jamaa moja na nyegere wetu. Kwa Kifaransa, neno blaireau lina maana mbili: ni mnyama huyo, na pia ni brashi ya kunyolea. Lakini nywele hizo zilikuwa ghali. Wafanyabiashara wakatumia singa za farasi, wakazitia rangi zifanane na za badger.

Kabla ya mwaka 1914, singa nyingi kutoka mashariki zilipitia Ulaya na kusafishwa kwa dawa kabla ya kufika Uingereza na Marekani. Vita vikakata njia hiyo. Singa zikaanza kuja moja kwa moja bila kusafishwa, na ndani yake mna vijidudu vya kimeta, ugonjwa ule ule ambao wafugaji wetu wanaujua kwa kuua ng'ombe. Kijidudu cha kimeta hujifunga kama mbegu na huweza kukaa miaka mingi kikisubiri. Mtu anapiga povu, anajikwaruza kidogo kwa wembe, na ugonjwa umeshapata mlango.

Zaidi ya watu 200 waliugua Marekani na Uingereza katika miaka hiyo ya vita na iliyofuata, wengi wao askari. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Mwaka 1921, Michael Farley, aliyewahi kuwa mbunge wa New York, alikufa kwa kimeta kilichotoka kwenye brashi yake. Hebu fikiria: mtu amesalimika na mambo yote ya dunia, auawe na brashi ya kunyolea! Ndipo sheria za kusafisha nywele za wanyama zikakazwa. Hivyo mwenye kupenda vitu vya kale, brashi ya kabla ya mwaka 1930 iwe ya kuangaliwa kabatini. Usiilowe maji na kuipeleka usoni.

NA BRASHI YA NGURUWE JE?

Aina ya tatu ya brashi, iliyo rahisi na iliyoenea zaidi, ni ya nywele za nguruwe. Italia na Ureno hadi leo zina watengenezaji mashuhuri wa brashi hizo. Tatizo ni kwamba haziandikwi wazi. Mara nyingi kwenye mpini utakuta maneno ya Kiingereza "pure bristle", na mnunuzi hajui kwamba katika biashara ya brashi neno hilo huwa na maana ya nywele ngumu za nguruwe.

Fuqaha wamekhitalifiana. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, nguruwe na nywele zake ni najisi, na kinachoguswa naye kikiwa na unyevu huoshwa mara saba, moja yake kwa mchanga. Wamaliki wameziona nywele zake kuwa tohara, na Wahanafi waliwaruhusu washona viatu kuzitumia kwa dharura. Wenye elimu ndio wa kututolea fatwa. Lakini kwa Mshafi'i, brashi hiyo yenye maji inayozungushwa usoni kabla ya kwenda msikitini si jambo la kupuuzwa. Na si brashi ya kunyolea pekee. Mwaka 2017, maofisa wa Malaysia walikamata brashi za rangi zaidi ya 2,000 madukani kwa kuwa zilishukiwa kuwa na nywele za nguruwe bila kuandikwa hivyo, kama sheria yao inavyotaka.

Utajuaje? Chomoa unywele mmoja uuchome. Ukiyeyuka kama plastiki, ni wa kutengenezwa kiwandani. Ukitoa harufu ya nywele zilizoungua, ni wa mnyama. Tazama pia ncha: nywele za nguruwe ni nene na ncha zake hupasuka. Alhamdulillah, leo brashi za nyuzi za kiwandani ni laini, hukauka haraka na bei yake si mbaya. Ziko pia za singa za farasi, zilizokatwa kwa farasi aliye hai bila kumdhuru na kusafishwa vizuri. Kuepuka shaka kumekuwa rahisi.

KUTOKA CHUMA HADI PLASTIKI

Nyembe za kwanza zilishika kutu upesi. Mapema miaka ya 1960, Wilkinson Sword, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1772 kwa kutengeneza silaha, ilileta sokoni nyembe za chuma kisichoshika kutu. Gillette ikashtuka na kufuata mwaka 1963. Wembe mmoja ukaanza kudumu siku nyingi zaidi. Vishikio vya miaka hiyo navyo vilikuwa madhubuti hasa. Vya Gillette vya Marekani vya miaka ya 1950 vina herufi na nambari iliyogongwa chini ya kichwa: herufi ni mwaka, nambari ni robo ya mwaka. Ukikuta D4, basi kilitoka kiwandani mwisho wa mwaka 1958. Wako watu wanaotafuta kile cha mwaka waliozaliwa, na kikisafishwa kwa maji moto na sabuni kinanyoa kama siku ya kwanza.

Basi kwa nini watu waliviacha? Mwaka 1971 ukaja wembe wa makali mawili ndani ya kichwa cha plastiki, na katikati ya miaka ya 1970 ukaja ule wa BIC wa kutupwa mzima mzima, mpini na yote. Mwaka 1998 makali yakawa matatu, mwaka 2006 yakawa matano. Kila hatua bei ikipanda, na kile cha kutupwa kikizidi kuwa kikubwa. Ile nasaha ya mtu wa vizibo imetufikisha hapa. Plastiki na chuma vikishashikanishwa, ni vigumu kuvitenganisha, kwa hivyo mwisho wake ni jalalani au baharini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini vitu vya kutupwa bafuni mwetu hakuna aliyetuuliza.

TUCHUKUE NINI?

Kwanza, usafi. Wembe mmoja ni wa mtu mmoja. Ukimwi na homa ya ini havina haja ya jeraha kubwa. Huko Mina, vinyozi wenye leseni hutakiwa kutumia wembe wa kutupwa kwa kila haji. Kama ni hivyo kwa umati wa Hija, kinyozi wetu wa mtaani ana udhuru gani? Mwambie abadilishe wembe mbele ya macho yako, na asafishe mashine yake kwa spiriti. Usione haya, ni haki yako. Wala kaka na mdogo wake wasitumie wembe mmoja nyumbani.

Pili, tusifanye israfu. Kishikio cha chuma kilicho imara hurithiwa, na nyembe zake ni za bei rahisi kwa kila mtu. Anayejifunza asikandamize. Aulaze wembe kidogo, kama nyuzi 30, auache uzito wa kishikio ufanye kazi, maji na povu vikiwa vimetangulia. Nyembe zilizokwisha azitie ndani ya kopo lenye tundu jembamba, lifungwe vizuri likijaa. Mtoto akililia wembe mpe, wasema wahenga, lakini hiyo ni methali tu jamani, msiwape!

Tatu, tujue tunachokitumia. Mwezi huu tunasoma karatasi za vyakula ili tujue kama ni halali. Tuzisome pia za sabuni na brashi.

Na tukumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) alipomaliza Hija yake alinyolewa kichwa, akaanzia upande wa kulia, na aliwaombea dua mara tatu wenye kunyoa na mara moja wenye kupunguza. Kitu kidogo kama wembe, ukikitumia kwa nia njema na kwa usafi, kinaingia katika ibada.

Twamuomba Allah (s.w.) atukubalie saumu na sala zetu, azitakase nyoyo zetu kama tunavyoitakasa miili yetu, na atufikishe Idd tukiwa na afya. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Ramadhan Kareem.